Maombi Yafungayo na Maombi Yasiyofunga

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya jambo ambalo vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne wamekuwa wakiniuliza tangu muhula ulipoanza, na ambalo wazazi nao huniuliza kila siku ya mkutano, yaani maombi ya kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Jambo hili ni refu, wala haliwezi kumalizika katika kurasa chache. Nitashika sehemu moja tu, ile yenye hatari kuliko zote, nayo ni tofauti iliyopo kati ya ombi linalomfunga mwombaji na ombi lisilomfunga. Atakayesoma na asome polepole, kalamu mkononi, maana humu mna tarehe nyingi.

Kwanza na tutazame mambo yalivyo hapa kwetu. Mwanafunzi wa Kenya aliyefanya mtihani wa KCSE na kupata alama za kutosha huorodhesha masomo na vyuo avitakavyo, akaipeleka orodha yake kwa KUCCPS, nalo shirika hilo humpangia nafasi moja kwa kutazama alama zake na wingi wa nafasi zilizopo. Mlango ni mmoja, na bawabu ni mmoja. Marekani sivyo. Huko hakuna bawabu wa nchi nzima. Kila chuo kina mlango wake, bawabu wake, na saa zake za kufungua na kufunga. Ipo fomu ya pamoja iitwayo Common App, iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na leo yatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Lakini hiyo ni kama mfuko wa tarishi tu. Hubeba barua, haiamui neno.

Kwa kuwa milango ni mingi, mwombaji aweza kubisha hodi mahali pengi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo linapozuka swali: je, mlango ukifunguliwa, ni lazima niingie? Palipo na jibu la "si lazima", ombi hilo halifungi. Palipo na jibu la "ni lazima", ombi hilo lafunga. Mengine yote nitakayoeleza ni matawi ya swali hilo moja.

Nianze na ombi la kawaida, kwa kuwa ndilo jepesi. Hili hupelekwa aghalabu mwanzoni mwa Januari, na vyuo vingi hutaja tarehe 1 Januari au siku chache baadaye. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Mwombaji aliyekubaliwa na chuo kimoja au na vyuo kumi huwa na muda hadi tarehe 1 Mei kuchagua kimoja, kukilipa amana, na kuviandikia vingine kuvishukuru. Kulipa amana vyuo viwili ili kujipa muda wa kufikiri ni udanganyifu, na vyuo vikigundua vyaweza kuifuta nafasi. Iko namna nyingine ya ombi lisilofunga ambayo hutumiwa sana na vyuo vya majimbo: barua hupokelewa kwa miezi mingi na kujibiwa kadiri zinavyofika, kama daktari anavyowaona wagonjwa kwa foleni. Huko awahiye hupata nafasi zikiwa bado tele.

Kisha liko ombi la mapema lisilofunga. Kwenye fomu utaliona kwa herufi EA. Hupelekwa tarehe 1 au 15 Novemba, na jibu hutoka kati ya Desemba na Februari. Chuo cha MIT ni mfano. Ukikubaliwa, ni furaha tupu, kwa maana huna deni lolote. Waweza kungoja majibu ya vyuo vingine na kuamua kabla ya tarehe 1 Mei kama wenzako. Ubaya wake, kama ni ubaya, ni kwamba kazi yote ya kuandika insha, kufanya mtihani wa SAT na kuomba barua za walimu huwa imekwisha kabla ya Novemba.

Sasa tufike penye miiba. Ombi la mapema lifungalo huandikwa ED. Nalo pia hupelekwa tarehe 1 au 15 Novemba, na jibu lake hutoka karibu na katikati ya Desemba. Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Duke, Northwestern, Amherst na Williams ni baadhi ya vyuo vilivyo na ombi hili. Vyuo kadhaa, kama vile Bowdoin, Middlebury na Vanderbilt, vina zamu ya pili iitwayo ED II, ambayo barua zake hupelekwa mwanzoni mwa Januari na kujibiwa Februari. Msidhani ya kwanza yafunga na ya pili haifungi. Zote mbili zafunga sawasawa. Kilichobadilika ni tarehe.

Kufunga maana yake nini? Mwombaji hutia sahihi karatasi akiahidi kwamba chuo hiki ndicho anachokitaka kuliko vyote. Kwamba hajapeleka ombi jingine la namna hii popote. Na kwamba chuo kikimkubali na kumpa msaada wa fedha utakaomwezesha kusoma, atakwenda huko, atalipa amana, na ataondoa mara moja maombi yake yote yaliyo kwenye vyuo vingine, pamoja na yale ambayo bado hayajajibiwa. Kupeleka maombi mengine ya kawaida au ya EA wakati wa kungoja jibu kwaruhusiwa kwa kawaida. Yasiyoruhusiwa ni maombi mawili yafungayo kwa wakati mmoja. Na karatasi ile haitiwi sahihi na mwanafunzi peke yake. Sahihi ni tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi au mlezi, na ya mwalimu mshauri wa shule. Hii ya tatu nitairudia, kwa kuwa inanihusu.

Wapo watakaouliza, Je, nikivunja ahadi hiyo nitashtakiwa? Kwa desturi, la. Vyuo havimpeleki kijana mahakamani kwa jambo hili. Huihesabu kuwa ahadi ya heshima. Lakini karatasi yenyewe yasema wazi kwamba vyuo vyaweza kupashana majina ya waliojifunga, na aliyevunja ahadi yaweza kumponyoka nafasi ya kwanza na ya pili pia. Ahadi isiyo na askari si ahadi isiyo na gharama.

Na kama jibu la Desemba si "ndiyo"? Hapo yako mambo mawili. Waweza kukataliwa, na basi. Au waweza kuahirishwa, yaani ombi lako lahamishiwa katika kundi la ombi la kawaida na kutazamwa tena mwezi Machi. Vijana wengi hufikiri kwamba aliyeahirishwa bado amefungwa. Sivyo. Siku uliyoahirishwa ndiyo siku kamba ilipokatika. Hata ukikubaliwa Machi na chuo kile kile, uko huru kukataa. Na kwa kuwa uko huru, waweza hata kupeleka ED II kwenye chuo kingine mwezi Januari.

Desturi hii ya kujifunga ilianza katika vyuo vya mashariki ya Marekani katika miaka ya 1950. Ni miaka ile ile ambayo Tom Mboya na wenzake walikuwa wakitafuta michango ya kukodi ndege, na mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wakaruka kutoka Nairobi kwenda kusoma. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda, naye akaingia Chuo cha Mount St. Scholastica kule Atchison, jimbo la Kansas. Nawataja ili vijana wasidhani njia hii ni ya jana.

Kwa nini vyuo hupenda ombi lifungalo? Hapa tufanye hesabu kidogo. Tuseme chuo kina vitanda 500 vya wanafunzi wapya, na kwa desturi katika kila watatu wanaokubaliwa kwa njia ya kawaida, mmoja ndiye huja. Wawili huenda kwingine. Basi ili kupata 500 ni lazima kiite 1,500. Sasa tuseme kwamba ifikapo Desemba vijana 250 wamekwisha kujifunga. Hao watakuja, hapana shaka. Wanaobaki kutafutwa ni 250, nao watapatikana kwa kuita 750. Jumla ya walioitwa ni 1,000 badala ya 1,500. Chuo kimepata usingizi mapema, hakihofii vitanda vitupu wala wanafunzi kupita kiasi, na zaidi ya hayo, kwa kuwa kimeita wachache, kinaonekana kigumu kuingia, na huko Marekani ugumu huo huhesabiwa kuwa sifa. Ndiyo sababu vyuo kadhaa mashuhuri hujaza nusu ya darasa lao, au zaidi, kwa ombi lifungalo.

Je, mwombaji naye anapata nini? Anapata nafasi iliyo bora kidogo. Mwaka 2003 wataalamu watatu, Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser, walitoa kitabu walichokiandika baada ya kuchunguza maombi zaidi ya 500,000 yaliyopelekwa kwenye vyuo 14. Waliona kwamba kuomba mapema kulimsaidia mwombaji kana kwamba ameongezewa alama 100 katika mtihani wa SAT. Si jambo dogo. Lakini yafaa mtu azisome asilimia kwa jicho kali. Chuo kikisema kimekubali watu wengi zaidi kwa ED kuliko kwa ombi la kawaida, kumbuka kwamba ndani ya kundi la ED wamo wanariadha waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na wamo watoto wa watu waliosoma chuoni humo. Ukiwatoa hao, faida iliyobaki ni ndogo kuliko inavyoonekana. Wala hakuna ED inayoweza kugeuza alama hafifu kuwa alama nzuri.

(Kwa wakimbiaji wetu, neno moja pembeni. Mwanariadha anayetafutwa na kocha ana njia yake na karatasi zake, na vyuo vya Ivy League havitoi ufadhili kwa ajili ya michezo bali kwa hali ya fedha nyumbani. Wakimbiaji waje kuniona peke yao.)

Muhula uliopita alinijia ofisini mzazi mmoja, mzee mwenye biashara ya ng'ombe, pamoja na binti yake. Binti alikuwa amechapa karatasi ya ED na tayari ametia sahihi yake. Mzee aliishika karatasi, akaniomba nimfasirie kila mstari. Nikamfasiria. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimenunua ng'ombe tangu ujana wangu. Sijapata kumshika ng'ombe kamba, nikaahidi mbele ya watu kwamba nimemchukua, hali bei yake sijatajiwa." Binti alitaka kucheka kwa haya. Mimi sikucheka, kwa sababu katika watu wote niliopata kuwaeleza jambo hili, hakuna aliyeligusa kiini chake upesi kama mzee yule. Ombi lifungalo ni ahadi inayotolewa mwezi wa Novemba juu ya bei itakayojulikana mwezi wa Desemba.

Na bei yenyewe si ya mchezo. Katika vyuo vingi vya binafsi vyenye jina, karo, chakula na malazi kwa mwaka mmoja hupita dola 80,000, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi 10,000,000. Hakuna mzazi wa shule yetu ninayemjua awezaye kulipa hizo. Kwa hiyo kila kijana wetu anayeomba Marekani anaomba mambo mawili kwa pamoja, nafasi na msaada wa fedha, na hili la pili ndilo zito.

Hapa pana mlango mmoja wa kutokea, na kila mzazi aujue. Karatasi ya ED yakubali kwamba mwanafunzi aliyeomba msaada wa fedha, akapewa usiotosha kumwezesha kusoma, aweza kukataa nafasi na kufunguliwa ahadi yake. Nilimwonyesha mzee mstari huo. Akaniuliza, "Na nani ataamua kwamba hautoshi?" Swali zuri tena. Jamaa ndiyo wanaoamua, baada ya kuzungumza na ofisi ya msaada wa fedha ya chuo na kuonyesha hesabu zao; na ni jambo la busara kuomba hesabu itazamwe upya kabla ya kukataa. Lakini mlango huu una bawaba mbili. Ya kwanza: ni lazima uwe umeomba msaada tangu mwanzo, katika tarehe zile zile za Novemba, kwa kujaza fomu ya CSS Profile au fomu nyingine itakiwayo na chuo. Vyuo vingi havimruhusu mgeni ambaye hakuomba msaada alipoingia kuuomba baadaye. Ya pili: ukifunguliwa, umefunguliwa, lakini huna chochote mkononi cha kulinganisha. Aliyeomba kwa njia isiyofunga aweza kupata barua tatu mwezi wa Aprili, akaziweka mezani, akaona chuo hiki chataka mzazi alipe dola 1,000, kile 6,000, kile hakitaki kitu. Aliyejifunga ana barua moja tu, na ni lazima aiamue peke yake.

Basi, je, kijana mwenye haja ya fedha asiombe ED kabisa? Washauri wengine hushika msimamo huo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kuna vyuo vichache ambavyo havitazami kabisa mfuko wa mgeni wakati wa kumchagua, kisha humpa haja yake yote: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni vya namna hiyo, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin vimeingia katika kundi hilo. Katika vyuo hivi ahadi ya msaada ni imara, na kijana akikipenda kimojawapo kwa moyo wote na kikawa na ED, hatari ni ndogo. Vyuo vingine vyote, au karibu vyote, hutazama mfuko wa mgeni: wana fungu la fedha kwa ajili ya wageni, na likiisha limekwisha. Katika vyuo hivyo ombi la mapema laweza kumfaa maskini, kwa kuwa anafika fungu likiwa bado limejaa. Kwa hiyo ninachomwuliza kijana si kama ED ni nzuri au mbaya. Ninamwuliza: chuo hiki hutimiza haja yote ya mgeni kinayemkubali, au hutoa kipande? Kikiwa hutoa kipande, sitii sahihi.

Jambo jingine la fedha. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani yavitaka vyuo viweke mtandaoni chombo cha kukadiria gharama ya kila jamaa. Chombo hicho hutengenezwa kwa kufuata hesabu za kodi za Wamarekani, wala aghalabu hakimhesabu mgeni. Wachache wana chombo cha wageni. Nimeona vijana wakikitumia kile cha kwanza na kushangilia. Afadhali kuandikia ofisi ya msaada barua fupi yenye maswali mawili kuliko kuamini tarakimu zisizokuwa zako.

Mwaka 2019 chama cha washauri wa maombi ya vyuo huko Marekani, baada ya kuchunguzwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo, kilifuta kanuni iliyokuwa ikivizuia vyuo kuwapa waombaji wa ED vivutio maalum. Kwa hiyo sasa chuo chaweza kumwambia kijana, jifunge kwetu nasi tutakupa chumba kizuri. Kivutio cha namna hiyo kisimshitue mtu.

Kati ya kufunga na kutofunga kuna namna ya tatu, ambayo huwatatiza hata walimu. Ni ombi la mapema lisilofunga lakini lenye mpaka. Harvard, Yale, Princeton na Stanford ndivyo vinavyojulikana sana kwa hilo. Ukikubaliwa huko mwezi wa Desemba, huna lazima ya kwenda. Una hadi tarehe 1 Mei. Lakini wakati wa kuomba, huruhusiwi kupeleka ombi jingine la mapema kwenye chuo cha binafsi cha Marekani, hata liwe lisilofunga. Kwa mfano, aliyeomba Yale kwa njia hii hawezi kuomba MIT kwa EA katika Novemba ile ile, ingawa yote mawili hayafungi. Vyuo vya serikali na vyuo vya nchi nyingine huruhusiwa kwa kawaida, kwa hiyo ombi la kwenda Cape Town au Makerere halina tatizo. Masharti madogo madogo hutofautiana. Yasomwe kwenye kurasa za chuo chenyewe, mwaka ule ule wa kuomba. Kufungwa huku ni kwa wakati wa kuomba, si kwa wakati wa kukubali. Historia yake ina mafunzo. Yale na Stanford zilikuwa na ED, na mwaka 2002 zikatangaza kuiacha na kushika njia hii. Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuacha maombi ya mapema kabisa, zikisema kwamba yanawapendelea waliokwisha kupendelewa, yaani watoto wa nyumba zenye nafasi na shule zenye washauri. Mwaka 2011 zote mbili zikayarudisha, kwa njia hii yenye mpaka. Nawaachia wanachama wa chama chetu cha mdahalo waamue kama walikosea mara ya kwanza au mara ya pili.

Sasa tuje kwenye kalenda yetu, maana humo ndimo mimi naona vijana wetu wanakoumia. Mtihani wa KCSE huchukua Oktoba na Novemba. Tarehe ya ED ni Novemba. Kijana wa Kidato cha Nne anayetaka kuomba mapema atakuwa anaandika insha za Wamarekani usiku ule ambao kesho yake ana karatasi ya Kemia. Matokeo nayo hutoka baadaye. Ya mtihani wa 2024 yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025. Maana yake, chuo kingemwamua mwezi wa Desemba kwa alama za makisio alizoandikiwa na walimu wake. Mimi huwashauri wengi wangoje. Aliyemaliza Novemba, akapata matokeo Januari, ana miezi kumi ya kujitayarisha, na aweza kupeleka ombi la mapema Novemba inayofuata akiwa na alama zake halisi, aanze masomo Agosti ya mwaka unaofuata. KenSAP, iliyoanzishwa mwaka 2004, imewapeleka vijana wengi wa Kenya katika vyuo vya huko Marekani, na vijana wake wamekuwa wakiomba baada ya matokeo ya KCSE.

Lakini kungoja nako kuna mtego. Katikati ya mwaka ule wa kungoja, KUCCPS itakuwa imekupangia nafasi hapa nyumbani, na wazazi watakuuliza kwa nini wakaa bure. Ukienda ukajiandikisha kusomea shahada hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, wala si wa mwaka wa kwanza. Na fedha za msaada kwa mgeni anayehamia aghalabu ni haba. Simwambii mtu aikatae nafasi ya KUCCPS. Nafasi iliyo mkononi ni kitu, na mwenye kuiacha kwa ajili ya barua ambayo haijaandikwa na ajue anachofanya. Nasema tu kwamba uamuzi huo ufanywe na mzazi na mtoto wakiwa wamekaa pamoja, nao wanajua mambo haya, badala ya kufanywa na kijana peke yake usiku mbele ya kompyuta. Tena, kukubaliwa na chuo si kupewa viza. Mwezi wa Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo. Sheria za namna hii hubadilika upesi, kwa hiyo zitazamwe kabla ya kulipa ada yoyote.

Nilisema nitairudia sahihi ya tatu. Mwaka jana kijana mmoja, mwerevu sana, alitaka nimtilie sahihi karatasi mbili za ED za vyuo viwili, akisema, "Nikikosa huku, nitapata huku." Nilimrudishia zote mbili, naye akaondoka amekasirika. Wengine walidhani namnyima bahati. Lakini sahihi yangu si yangu; ni ya shule. Mwaka 2025 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Chuo Kikuu cha Tulane kiliizuia shule moja ya jimbo la Colorado isipeleke ombi lolote la ED kwa mwaka mzima, kwa sababu mwanafunzi wake mmoja wa mwaka uliotangulia alikubaliwa kisha akajitoa. Waliozuiwa ni wadogo zake, ambao hawakutenda lolote. Shule yetu haijulikani sana huko, na chuo kinachomjua mmoja wetu kwa mara ya kwanza kinatujua sote kupitia kwake. Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Tulikaa, tukachagua ED moja, tukaandika orodha ya vyuo sita vya ombi la kawaida, na insha zake akazitengeneza kabla ya jibu la Desemba, zikae tayari. Hilo la mwisho naliona muhimu kuliko yote. Jibu la ED likiwa baya, zinabaki wiki mbili tu hadi tarehe 1 Januari, na wakati huo ni wa Krismasi, walimu wamekwenda makwao na moyo umevunjika. Hakuna aandikaye insha sita nzuri katika hali hiyo.

Na yule binti wa mzee wa ng'ombe? Hawakujifunga. Walichagua EA mahali pamoja na maombi ya kawaida mahali pengi, na mzee akasema atazitazama bei zote kwanza.

Wanaokusudia kuomba Novemba hii, waliokwisha kupata matokeo yao pamoja na wachache wa Kidato cha Nne ambao wazazi wao wameafiki, walete majina ofisini kwangu kabla ya Ijumaa ya pili ya muhula wa tatu. Kila mmoja aje na orodha ya vyuo, na kando ya kila chuo aandike herufi zake, tarehe ya mwisho ya ombi, tarehe ya mwisho ya fomu ya fedha, na kama chuo hutimiza haja yote ya mgeni. Barua za walimu huhitaji wiki tatu. Mwenye kutaka ED aje na mzazi wake; karatasi hiyo sitaitia sahihi mzazi asipokuwapo chumbani, na kama hawezi kufika siku za kazi, nitakuwapo Jumamosi asubuhi hadi saa sita.